Gesi Inatoka, Haiingii: Mwongozo Kamili wa Kupima Upepo wa Galaksi NGC 5548

Majibu matatu yamekuwa yakinirudia tangu kikundi chetu cha Jumamosi hapa Kisumu kianze zoezi hili. La kwanza: "Mwalimu, gesi inaingia kwenye galaksi kwa kilomita 77 kwa sekunde." La pili huja kwa shangwe: "Nimepata upepo wa kilomita 5,060 kwa sekunde!" La tatu halina kelele, na kwa sababu hiyo ni baya kuliko hayo mawili. Ni orodha nadhifu ya kasi, zote hasi jinsi inavyotakiwa, ila ndani yake mna −150 ambayo si ya gesi yoyote.

Nimepitia daftari zenu. Hesabu ziko sawa karibu zote. Aliyekosea hakukosea kugawanya, alikosea kumtambua aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kutambua mistari, na utapita haraka kwenye hesabu, ambayo mtoto wa kidato cha pili anaiweza.

## Tunapima nini hasa

Katikati ya galaksi hai kama NGC 5548 kuna shimo jeusi kubwa. Gesi inayolielekea huzunguka, hupata joto na kuwaka. Mwanga huo ukija kwetu hupita ndani ya mawingu ya gesi nyingine inayosukumwa nje, na huo ndio upepo tunaoupima. Atomu za mawingu hayo hufyonza mwanga wa urefu fulani wa wimbi, na kwenye spektra, yaani mchoro wa mwanga uliopangwa kwa urefu wa wimbi, tunaona bonde. Wingu likiwa linakuja upande wetu, bonde husogea kushoto, upande wa mawimbi mafupi. Likisogea zaidi, ujue wingu linakwenda kasi zaidi.

Kila urefu wa wimbi ambao atomu fulani hufyonza tunauita mstari. Mistari yenye nguvu zaidi kwa kazi hii iko kwenye urujuanimno, mwanga wa mawimbi mafupi usioonekana kwa macho: kaboni iliyopoteza elektroni tatu na nitrojeni iliyopoteza nne. Mwenzetu mmoja wa Nakuru aliuliza kama darubini ikipandishwa juu ya Menengai itaiona. Haitaiona. Menengai ina mita 2,278, na ozoni inayozuia mwanga huu iko juu zaidi, nyingi yake kilomita 20 hadi 30 kutoka chini. Ndiyo maana tunatumia data ya darubini ya Hubble iliyo angani, na data hiyo ni bure.

## Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yoyote yenye kivinjari. Kama huna laptopu, nenda saiba, ufungue Google Colab. Kazi yote hufanyika kwenye seva zao, na stima ikipotea daftari lako linabaki salama.
- Bando ndogo. Faili tunazotaka ni za megabaiti chache. Onyo liko kwenye hatua ya 1.
- Lugha ya Python pamoja na vifurushi vya Astropy, NumPy na Matplotlib. Kwenye Colab vyote vimeshawekwa.
- Karatasi na penseli. Usizidharau, utazihitaji hatua ya 7.
- Urefu wa mawimbi ufuatao, kwa angstromu (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), kama unavyopimwa maabara penye ombwe:

Nitrojeni: 1238.82 na 1242.80
Silikoni: 1393.76 na 1402.77
Kaboni: 1548.20 na 1550.77

Mistari hii huja miwili miwili, yaani ni mapacha. Kwa kuwa tuko Kisumu, wa kushoto tutamwita Opiyo na wa kulia Odongo. Opiyo ndiye anayetangulia kwenye spektra, na ndiye mwenye nguvu mara mbili ya mwenzake. Asiyejua kwa nini nimechagua majina hayo amuulize jirani yeyote Mjaluo.

## Hatua ya 1: Pakua faili moja, si maktaba nzima

Fungua hifadhi ya data inayoitwa MAST, ya taasisi inayoendesha sayansi ya Hubble kule Baltimore, Marekani. Andika NGC 5548 kwenye sehemu ya kutafutia. Chuja matokeo ubaki na kifaa cha STIS (kipima spektra cha Hubble), gratingi ya E140M inayotawanya mwanga, mwaka 2002.

Kwa nini mwaka huo? Hubble imeitazama galaksi hii mara nyingi, na mwaka 2014 iliitazama karibu kila siku kwa takriban miezi sita. Lakini mwaka 2013 na 2014 wingu lingine zito lilikuwa limejipenyeza mbele ya kiini, likachimba bonde pana linalofika hadi karibu kilomita 5,000 kwa sekunde. Mwanafunzi anayeanzia hapo atalia. Spektra ya 2002 ni safi, na E140M inakupa nitrojeni na kaboni kwenye faili moja.

Chukua faili ambayo jina lake linaishia na `_x1d.fits`, au iliyokwisha kuunganishwa inayoishia na `_cspec.fits`. Hiyo ya pili ni bora kwa sababu vipimo kadhaa vimejumlishwa na makelele yamepungua.

Onyo: usibonyeze "chagua zote". Faili ghafi za vifaa vya Hubble ni nzito sana, na kijana mmoja alimaliza bando ya wiki nzima kabla chai haijapoa. Data ghafi huihitaji hata kidogo.

Utajua umefaulu ukiwa na faili moja ya megabaiti chache, na jina lake umeliandika daftarini pamoja na tarehe ya kipimo.

## Hatua ya 2: Fungua na uchore

```
from astropy.io import fits
import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt

d = fits.open("faili_langu.fits")[1].data
w = d["WAVELENGTH"].ravel()
f = d["FLUX"].ravel()
p = np.argsort(w)
w, f = w[p], f[p]
plt.plot(w, f, lw=0.5)
plt.xlim(1555, 1600)
```

Mstari wa `argsort` hupanga mawimbi kutoka fupi hadi refu. Bila huo, mchoro utarukaruka kwenda mbele na nyuma kama boda anayekwepa mashimo, kwa sababu kifaa huhifadhi spektra kwa vipande. Kingo za vipande huwa na miiba mirefu isiyo na maana. Punguza kikomo cha juu cha mchoro kwa `plt.ylim` ili miiba isikubanie kila kitu chini.

Utajua umefaulu ukiona kilima kipana chenye kilele karibu na 1575, na upande wake wa kushoto umechimbwachimbwa mabonde membamba. Kilima ni mwanga wa gesi inayozunguka karibu na shimo jeusi. Mabonde ndiyo tunayoyatafuta.

Ukisogea hadi 1215.67 utaona mnara mwembamba. Si wa galaksi, ni hidrojeni ya angahewa ya Dunia yenyewe inayowaka kwa mwanga wa Jua. Hidrojeni ya NGC 5548 iko karibu na 1236.5.

## Hatua ya 3: Weka alama za nyumbani kwanza

Hapa ndipo majibu mawili ya kwanza yalipozaliwa.

Mwanga wa NGC 5548 kabla ya kufika kwa Hubble hupita ndani ya galaksi yetu wenyewe, Njia Nyeupe. Gesi ya huku kwetu nayo hufyonza, na huacha mabonde yake palepale kwenye urefu wa maabara, kwa sababu hatuendi mbali na sisi wenyewe. Kabla hujagusa chochote, chora mistari ya wima kwenye urefu huu:

1260.42, 1526.71 (silikoni iliyopoteza elektroni moja)
1334.53 (kaboni iliyopoteza moja)
1393.76, 1402.77 (silikoni iliyopoteza tatu)
1548.20, 1550.77 (kaboni iliyopoteza tatu)
1670.79 (aluminiamu iliyopoteza moja)

Bonde lolote linalokaa juu ya mistari hii lishuku kuwa la nyumbani mpaka lithibitishe vingine.

Sasa tazameni. Mawimbi ya NGC 5548 hutufikia yakiwa yamerefuka kwa sababu galaksi hiyo inakwenda mbali nasi; huo ndio mhamo mwekundu wa hatua ya 4. Opiyo wa nitrojeni, ukimsogeza kwa mhamo huo, anatua 1260.10. Silikoni ya Njia Nyeupe iko 1260.42. Tofauti ni theluthi moja ya angstromu, na ukiigeuza kuwa kasi unapata kilomita 77 kwa sekunde upande wa kulia, yaani "inaingia". Bonde lenyewe ni refu na lina kingo kali, linavutia macho kuliko yote. Ndilo mlilopima.

Na zile 5,060? Ni kaboni ya Njia Nyeupe, 1548.20, iliyosomwa kana kwamba ni ya NGC 5548. Galaksi yetu ikipimwa kutoka kwenye sifuri ya galaksi ile hutokea karibu na −5,060. Mtu aliyefurahia upepo mkali alikuwa amepima gesi ya nyumbani kwao.

Utajua umefaulu ukiweza kuyaonyesha kwa kidole mabonde ya nyumbani kwenye mchoro, na yale yasiyo na mwenyewe ukayatofautisha kwa rangi nyingine.

## Hatua ya 4: Chagua mhamo mwekundu na uuandike

Kasi tunayotaka ni ya wingu kulinganisha na galaksi yake, wala si kulinganisha na sisi. Kwa hiyo sifuri yetu ni galaksi yenyewe. Mhamo wake mwekundu huandikwa z, na kwa NGC 5548 tumia z = 0.017175.

Kwenye makala za wataalamu utakutana pia na 0.01676. Zote mbili zimetumika. Tofauti yake inaonekana ndogo kama chembe ya mchele, lakini ukiigeuza ni kilomita 122 kwa sekunde. Ukilinganisha jedwali lako na la mtu aliyetumia z nyingine, utadhani wingu limepunguza mwendo. Jedwali lisilotaja z yake sitalisoma, hata kama lina rangi nzuri.

Zidisha urefu wa maabara kwa (1 + z), na sifuri zako ni hizi:

Nitrojeni: Opiyo 1260.10, Odongo 1264.15
Kaboni: Opiyo 1574.79, Odongo 1577.40

## Hatua ya 5: Chora mstari wa msingi juu ya kilima

Mstari wa msingi ni mwanga ambavyo ungekuwa kama gesi isingefyonza chochote. Wengi wenu mlichora mstari ulionyooka kutoka bonde moja hadi lingine, mkapita chini ya kilima. Hapana. Mawingu haya yako mbele ya kilima pia, yanafyonza mwanga wake, kwa hiyo mstari wa msingi lazima upande kilima na kushuka nacho.

Chagua nukta kama kumi mahali pasipo na bonde, pande zote mbili, ziunganishe kwa mkunjo laini. Kisha gawanya spektra kwa mkunjo huo.

Kwa nini tunagawanya? Kwa sababu baada ya hapo 1 maana yake "hakuna kilichofyonzwa" na 0 maana yake "kimefyonzwa chote", mahali popote kwenye kilima.

Onyo: nukta zisiwe nyingi mno. Mkunjo unaofuata kila mtikisiko utaingia ndani ya mabonde na kuyafukia. Chora mara tatu, kila mara ukibadilisha nukta kidogo. Jinsi majibu yako matatu yanavyopishana ndivyo kosa lako lilivyo, na mara nyingi ni kubwa kuliko kosa la kifaa.

Utajua umefaulu kama sehemu zisizo na bonde zinayumba kidogo juu na chini ya 1 bila kuegemea upande.

## Hatua ya 6: Geuza kuwa kasi

Pima katikati ya bonde. Toa sifuri yako. Gawanya kwa sifuri hiyohiyo. Zidisha kwa 299,792.

Mfano: bonde la kushoto kabisa la kaboni liko karibu na 1568.70. Toa 1574.79, unapata −6.09. Gawanya kwa 1574.79, zidisha, jibu ni karibu −1,160 km/s. Alama ya kutoa maana yake gesi inakuja upande wetu. Na kwa kuwa mwanga uko nyuma yake, kuja upande wetu ni kutoka kwenye kiini.

Kosa la kawaida hapa ni kugawanya kwa 1548.20 badala ya 1574.79. Jibu linaongezeka kwa takriban asilimia 1.7. Si msiba, ila ni kosa.

## Hatua ya 7: Mtafute Opiyo, kisha Odongo

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Ukiwa na haraka, rudi Jumamosi ijayo.

Kila wingu halisi lina mapacha wawili. Ukimkuta Opiyo kwenye kasi fulani, Odongo wake lazima awe upande wa kulia kwa umbali usiobadilika:

Kaboni: 499 km/s
Nitrojeni: 964 km/s
Silikoni: 1,939 km/s

Shida ni kwamba NGC 5548 haina wingu moja. Ina mawingu kama sita, na upepo wake umetandazwa kwenye upana wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa kaboni, ambayo mapacha wake wako karibu, familia hizi zinakanyagana. Odongo wa familia moja anakaa kwenye kiti cha Opiyo wa familia nyingine, na wewe unayesoma kushoto kwenda kulia unawaandika wote kama Opiyo.

Chukua karatasi. Andika kasi ya kila bonde la kaboni kana kwamba ni Opiyo. Chini yake, ongeza 499. Utaona hivi:

Wingu la −1,160: Odongo wake anatua −661. Lakini karibu na −650 kuna wingu halisi! Hapo wapo wawili kwenye kiti kimoja, na bonde ni refu kuliko haki yake.

Wingu la −790: Odongo wake yuko −291, juu ya wingu jingine la −290.

Wingu la −650: Odongo wake yuko karibu −150. Hakuna wingu hapo. Hiyo ndiyo ile −150 ya daftari zenu.

Wingu la −460: Odongo wake yuko karibu +40, na ndiye anayewafanya wengine waape kuwa kuna gesi inayoingia hata baada ya kuiondoa silikoni ya nyumbani.

Dawa yake ni kuchora michoro miwili, mmoja chini ya mwingine. Wa juu uwe na Opiyo kama sifuri. Wa chini uwe na Odongo kama sifuri. Mhimili wa kasi uwe sawasawa kwa yote miwili. Wingu halisi litaonekana kwenye michoro yote miwili kwa kasi ileile, ukishusha rula wima unaligusa mara mbili. Wingu la uongo litaonekana kwenye mmoja tu.

Jaribu kwa −150. Juu lipo. Shusha rula, chini hakuna kitu. Futa.

Kisha rudia yote kwa nitrojeni. Kule mapacha wameachana kwa 964, kwa hiyo Odongo wa −1,160 anatua −196, asikokaa mtu, na Opiyo wa −650 anabaki peke yake. Ukitaka kujua kina halisi cha bonde la −650, usikipime kwenye kaboni. Kipime kwenye nitrojeni.

Swali niliulizwa: "Sasa mbona tusitumie nitrojeni pekee, kaboni tuiache?" Kwa sababu nitrojeni nayo ina silikoni ya nyumbani karibu na sifuri, mnaikumbuka, na hapo kaboni ndiyo inayosema ukweli. Kila mmoja ana upande wake wa upofu.

Utajua umefaulu ukibaki na mawingu yaliyo karibu na −1,160, −790, −650, −460, −290, na moja dhaifu karibu na −40. Ukipishana na hizi kwa kilomita 20 au 30 usihangaike. Ukipishana kwa 122 kila mahali, angalia z yako. Ukipishana kwa 499 mahali pamoja, kuna Odongo amekuponyoka.

## Hatua ya 8: Pazia limefunika kiasi gani?

Wengi huishia hatua ya 7, na si vibaya. Hii ni kwa anayetaka kujua gesi ni nene kiasi gani.

Njia rahisi ni kutazama kina cha bonde na kusema: mwanga uliobaki ni asilimia 30, basi unene wa pazia ni logi asilia ya 0.30, ukibadili alama, yaani 1.2. Njia hii inadanganya kila mara wingu linapokuwa dogo kuliko taa iliyo nyuma yake.

Fikirieni gugumaji pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Likifunika robo tatu ya maji, hata liwe nene kiasi cha mtu kusimama juu yake, robo iliyobaki bado inameta. Anayepima mng'ao wa ghuba yote kwa pamoja atasema gugumaji ni jembamba. Si jembamba. Halijafika kila mahali.

Mapacha wanatuokoa tena. Opiyo ana nguvu mara mbili ya Odongo, kwa hiyo kama pazia limefunika taa yote, unene unaosoma kwa Opiyo lazima uwe mara mbili ya ule wa Odongo. Usipokuwa hivyo, kuna mwanga unaopita pembeni.

Chukua mwanga uliobaki kwa Opiyo, uuite P, na kwa Odongo, uuite D, kwenye kasi ileile. Sehemu iliyofunikwa ni:

(1 − D)² ÷ (1 + P − 2D)

Tuseme P = 0.30 na D = 0.35. Juu unapata 0.4225, chini 0.60. Jibu ni 0.70: wingu limefunika asilimia 70 ya taa. Unene uliosomeka kwa Odongo mwanzoni ulikuwa 1.05. Ukiondoa ile asilimia 30 inayopita pembeni, unene halisi ni karibu 2.57. Umekosea kwa zaidi ya mara mbili, na bonde halikuonyesha dalili yoyote kwa macho.

Onyo: kanuni hii inafanya kazi tu pale ambapo Opiyo na Odongo wote wawili hawajakaliwa na mtu mwingine. Kwenye kaboni ya NGC 5548, sehemu hizo ni chache. Ukipata jibu linalozidi 1 au lililo hasi, usilirekebishe kwa mkono. Rudi hatua ya 7.

## Kama huna haja ya Hubble: kwasa za mbali

Kwasa ni kiini cha galaksi hai kinachong'aa sana hata kikiwa mbali. Ikiwa mbali vya kutosha, upanuzi wa ulimwengu unausogeza mstari wa kaboni kutoka urujuanimno hadi mwanga wa kawaida. Kwa z = 2.5 kaboni inafika karibu 5420, na darubini ya ardhini inaiona bila taabu. Spektra za mradi wa Sloan, zilizopimwa kwa darubini ya mita 2.5 kule New Mexico, ni za bure na ni nyepesi. Safu ya mawimbi humo inaitwa `loglam`, na lazima uipandishe kama kipeo cha 10 kabla ya kuchora. Mawimbi yake ni ya ombwe, kwa hiyo tumia namba zilezile za hapo juu.

Huko utakutana na mabonde mapana, maelfu ya kilomita kwa sekunde kutoka ukingo hadi ukingo, na mapacha wamemezwa ndani kabisa. Hatua ya 7 haitumiki. Tumia wastani wa 1549.06.

Lakini hesabu ya hatua ya 6 haitoshi tena, kwa sababu kasi ni sehemu inayoonekana ya kasi ya mwanga. Gawanya (1 + z ya kwasa) kwa (1 + z ya bonde), uite R. Hiyo (1 + z ya bonde) ni urefu wa bonde ukigawanya kwa 1549.06. Kasi ni (R² − 1) ÷ (R² + 1), ukizidisha kwa 299,792.

Kwasa ya z = 2.5 yenye bonde kwenye 5100: R ni 1.0631, kasi karibu 18,300 km/s. Njia ya zamani ingekupa 17,800.

## Usiandike "galaksi inapoteza gesi kiasi hiki kwa mwaka"

Kasi na unene havitoshi. Wingu lilelile likiwa karibu na kiini ni kikombe cha maji. Likiwa mbali ni ziwa, kwa sababu lazima uzidishe kwa umbali. Na umbali hauonekani kwenye bonde.

Kwa wingu la −1,160 umbali umewahi kukadiriwa: parseki 3.5 kutoka kiini (parseki moja ni karibu miaka-nuru 3.26), kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2015 wa Nahum Arav na wenzake. Walitumia spektra za 2013, lile wingu zito likiwa limeweka kivuli, na wakafuata mistari inayotokea tu gesi ikiwa na msongamano wa kutosha kugonganisha atomu zake. Mojawapo ni kundi la kaboni iliyopoteza elektroni mbili, karibu na 1175.

Anayetaka kulijaribu alitafute kwenye spektra za 2013 za COS, kipima spektra kingine cha Hubble. Kwa z na kasi yetu, kundi hilo linaanzia 1190.5 hadi karibu 1191.9. Kabla ya kupima, ongeza alama mbili kwenye orodha ya hatua ya 3, 1190.42 na 1193.29. Ni silikoni ya nyumbani, na moja yake imekaa mlangoni kabisa.